Fomula lazima ikae kwenye uzi

Wanafunzi 11 kati ya 18 waliniletea jibu moja: tisa. Jibu langu mimi lilikuwa kumi na mbili.

Ilikuwa mwezi wa tano, wiki chache kabla ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Jioni huwa nakusanya wanafunzi wa mwaka wa sita kwenye baraza ya nyumba yetu, hapa Katuba, Lubumbashi, tunarudia hesabu. Shuleni masomo ni kwa Kifaransa, na mtihani wa Serikali nao unakuja kwa Kifaransa, lakini maelezo ya jioni nayaandika kwa Kiswahili. Nimeshuhudia mara nyingi mtoto anakariri kanuni kwa Kifaransa neno kwa neno, bila kukosea hata herufi, na ukimuuliza kanuni hiyo inamtaka afanye nini anakutazama tu. Kwa Kiswahili anabishana. Akibishana najua ameanza kuelewa.

Maelezo hayo nayaandika kwenye kompyuta, nayageuza kuwa faili moja la HTML, yaani ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, lenye kila kitu ndani yake, halafu nayatuma kwa WhatsApp. Fomula zinakwenda kama picha ndogo ndogo zilizopachikwa humo humo kwenye faili. Kuna njia nyingine, ya kuiachia simu ichore fomula yenyewe kwa kuchukua programu kwenye intaneti, lakini hiyo inakula mega, na wanafunzi wangu wananunua mega za mia tano kwa hesabu kali. Kwa hiyo picha.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, la kupasha moto. Mbili mara sehemu ya x juu ya 3, sawa na 8, tafuta x. Unazidisha kwa 3, unagawanya kwa 2, unapata 12. Nilipoona tisa ya kwanza nikadhani mtoto amechoka. Ya pili, ya tatu, nikadhani wamenakiliana. Nikamwita binti mmoja ambaye najua hanakili kwa mtu, tena ndiye wengine wanaomnakili, nikamuuliza tisa ameitoa wapi.

"Prof, si umeandika kipeo? Angalia mwenyewe."

Akanipa simu yake. Na kweli. Pale kwenye kioo kulikuwa na 2 kubwa, na kando yake, juu, ikiwa imeinuka kama nzi aliyetua begani, sehemu ndogo ya x juu ya 3. Mtu yeyote aliyepita shule angesoma: mbili kwa kipeo cha x juu ya 3. Na binti alikuwa amefanya kazi safi kabisa. Nane ni mbili kwa kipeo cha tatu; basi x juu ya 3 ni 3; basi x ni 9. Hakuna hatua hata moja iliyokosewa. Nilimpa alama zote, yeye na wenzake kumi, kwa sababu walijibu swali lililokuwa mbele ya macho yao.

Usiku ule sikulala mapema. Kuna makosa ya mwandishi ambayo msomaji anayarekebisha mwenyewe, herufi iliyorukwa, nukta iliyosahaulika, na hakuna anayeumia. Hili lilikuwa la namna nyingine. Sikuandika kitu kibaya. Niliandika kitu sahihi, kikasogea kidogo kwenda juu, kikawa kitu kingine sahihi chenye jibu lake kamili. Laiti tisa ingekuwa namba mbaya, ya desimali isiyoisha, wangeshtuka. Haikuwa hivyo.

Mjomba wangu alikuwa mchoraji wa vibao Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi. Vinyozi, maduka ya dawa, mahali pa bukari (ugali) na samaki, kibao kikichakaa wanamwita. Nikiwa na miaka tisa au kumi, likizo yangu yote ilikuwa kumshikia uzi. Alichukua uzi wa pamba, akaupaka unga wa chaki kama ubao umeshapakwa rangi nzito, au unga wa makaa kama ubao ni mweupe. Mimi nashika ncha moja, yeye ncha ya pili, tunauvuta hadi unalia, kisha kwa vidole viwili anauinua katikati na kuuachia. Tap. Mstari umebaki kwenye ubao, mwembamba, umenyooka kuliko rula yoyote.

Herufi zote zilikaa kwenye mstari ule. Na hapo ndipo nilipokosea siku aliyoniachia neno la kwanza. Neno lilikuwa "nyama", na mimi nilitaka y nzima itoshe juu ya mstari pamoja na wenzake. Niliipandisha mpaka mkia wake ukagusa mstari. Mjomba hakunigombeza. Alifuta kwa kitambaa chenye petroli, akasema: "Tazama y. Tumbo lake linakaa kwenye uzi, mkia unaning'inia. Ukikalisha mkia, tumbo litakaa wapi?" Toka siku hiyo mstari ule kwangu unaitwa uzi, na katika maandishi haya nitauita hivyo hivyo.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kutumia TeX, programu ya kupanga kurasa zenye hesabu, nilikuta mtu mwingine amefikiri sawasawa na mjomba. Donald Knuth, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, alianza kuisanifu TeX mwaka 1977, kwa sababu alichukizwa na sura ya kurasa za kitabu chake mwenyewe zilipotoka kwa wachapaji. Ndani ya TeX kila kitu ni kisanduku: herufi ni kisanduku, mstari wa maneno ni kisanduku, mlinganyo mzima ni kisanduku. Na kila kisanduku kina vipimo vitatu, si viwili. Upana, naam. Lakini urefu wa kwenda juu umegawanywa: kuna kimo, yaani kiasi kilichoko juu ya uzi, na kuna kina, kiasi kinachoning'inia chini yake. Visanduku vinapangwa kando kwa kando huku nyuzi zao zikiwa zimelingana, na ndiyo maana ukurasa wa TeX unatulia machoni.

Nipe nafasi nitaje namba, maana jambo lote limo humo. Kwa fonti ya kawaida ya TeX katika ukubwa wa pointi 10, herufi x ya hesabu ina kimo cha pointi 4.31 na kina sifuri. Imekaa juu ya uzi nzima. Herufi y ina kimo hicho hicho cha 4.31, lakini ina kina cha 1.94, ule mkia wa mjomba. Mabano yana kimo cha 7.5 na kina cha 2.5. Nusu, yaani 1 juu ya 2 ikiwa katikati ya sentensi, ina kimo cha 8.45 na kina cha 3.45. Na ile sehemu yangu iliyonitesa, x juu ya 3, ina kimo cha 6.95 na kina cha 3.45.

Sasa geuza kisanduku hicho kuwa picha. Picha ina upana na ina urefu, basi. Kimo na kina vimejumlishwa vikawa namba moja, 10.40, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba uzi ulipita hapa. Mbaya zaidi, mimi wakati ule nilikuwa napitisha picha kwenye programu inayokata weupe wote wa pembeni hadi kwenye wino. Nilidhani nazisafisha. Kumbe nilikuwa napangusa alama ya mwisho ambayo ingeweza kunionyesha uzi ulikuwa wapi.

Kivinjari cha simu, kikipewa picha katikati ya sentensi bila maelezo mengine, kinafanya kitu kimoja: kinakalisha ukingo wake wa chini kwenye uzi. Ni kosa langu la "nyama" lile lile, mkia umekalishwa. Kwa hiyo sehemu ya x juu ya 3 ilipanda kwa kina chake chote, pointi 3.45. Na kipeo cha kawaida katikati ya sentensi TeX inakipandisha kwa kiasi gani? Pointi 3.63. Tofauti haifiki hata moja ya tano ya pointi. Ongeza kwamba tarakimu za sehemu iliyoko katikati ya sentensi zinapunguzwa hadi ukubwa wa 7, ukubwa ule ule wa vipeo. Binti hakudanganywa na macho yake. Kwa kila kipimo kilichokuwepo, kile kilikuwa kipeo.

Lipo kosa jingine ambalo ni langu peke yangu: ile 2 niliiandika nje ya fomula, kama maandishi ya kawaida, kisha nikafungua alama ya dola, ambayo kwa TeX ndiyo inayoanza na kumaliza fomula, kwa ajili ya sehemu tu. Laiti ningeiingiza 2 ndani, picha nzima ingepanda pamoja, ingeonekana mbaya lakini isingebadili maana. Tangu siku ile ninachokizidisha kinakaa ndani ya dola pamoja na mwenzake. Hata hivyo sikutaka kuishia hapo. Sheria ya kuandika kwa uangalifu inamlinda anayeikumbuka. Mimi naandika usiku, baada ya kazi, mara nyingi wakati umeme umekatwa na betri inahesabu dakika.

Kwa nini sikuliona tatizo wakati naandika? Naandika kwa Emacs, programu ya kuhariri maandishi, ambayo inaweza kuchora fomula papo hapo ndani ya maandishi, mahali pale pale ulipoiandika. Emacs ina neno lake la kusema picha ikae vipi: `:ascent`. Unaipa namba kati ya 0 na 100, ambayo ni asilimia ya urefu wa picha inayotakiwa kuwa juu ya uzi. Usipoipa chochote inachukua 50. Na ukitaka unaweza kuipa neno `center` badala ya namba, basi inaweka kati ya picha mbele ya kati ya mstari wa maandishi. Mimi nilikuwa na `center`.

Na `center` ni hila nzuri, ndiyo maana inadumu. Mstari wa sehemu, alama ya jumlisha, alama ya sawasawa, vyote TeX inavipanga kwenye mhimili unaopita juu kidogo ya uzi, na fomula nyingi zinalingana juu na chini ya mhimili huo. Ukizikamata kiunoni, hazikosei kwa mbali. Lakini x iliyo peke yake inapanda kidogo, f inashuka au kupanda kutegemea fonti, na kitu chenye kipeo juu bila chochote chini kinazama. Kila fomula inakosea kwa kiasi chake. Ukisoma siku nzima jicho linazoea, kama unavyozoea meza yenye mguu mfupi. Nilikuwa nimezoea miaka miwili. Kioo changu kilinifundisha kutotazama.

Ukitazama zile namba za juu utaona kwa nini hakuna asilimia moja itakayofaa fomula zote. Kwa x, yote iko juu ya uzi: 100. Kwa y, 4.31 kati ya 6.25: 69. Mabano, 75. Nusu, 71. Sehemu yangu, 67. Nilishawahi kuweka 80 kwa fomula zote, nikidhani nimepata namba ya wastani yenye hekima. Ilikuwa mbaya kuliko `center`.

Dawa basi ni kutopoteza kina njiani. TeX inakijua, hakuna haja ya kukikisia wala kukipima kwenye picha. Kinachotakiwa ni mtu wa kukibeba kutoka TeX hadi kwenye Emacs. Na kazi hiyo ilishafanywa na wengine zamani. Kuna kifurushi cha LaTeX (TeX iliyoongezewa amri za kurahisisha kazi) kiitwacho preview, kutoka kwa wale waliotengeneza AUCTeX, nyongeza ya Emacs ya kuandikia TeX, ambapo jina la David Kastrup ndilo linalotajwa kwanza. Kifurushi hicho kinaweka kila fomula kwenye ukurasa wake, na kwenye faili la kumbukumbu kinaandika vipimo vya kila moja kwa mpango huu: kimo, alama ya kujumlisha, kina, alama ya kuzidisha, upana. Namba zake ni kubwa mno ukiziona mara ya kwanza. x yangu yenye kimo cha 4.31 imeandikwa 282168. Ni kwa sababu TeX inahesabu kwa kipimo kidogo sana. Vipande 65536 ndivyo vinavyotengeneza pointi moja, na pointi 72.27 ndizo inchi moja.

Programu ya dvisvgm, ambayo ndiyo ninayotumia kugeuza kurasa hizo kuwa picha za SVG, nayo ikiona kifurushi cha preview inakuandikia upana, kimo na kina. Mwenzake wa zamani, dvipng, ukiiongezea neno `--depth` inakutajia kina kwa pikseli. Kwa hiyo habari ipo. Inapita mbele ya macho yako kwenye dirisha la amri kila unapochora fomula, na programu nyingi zinaiacha ipite.

Nilikaa nayo usiku wa Jumamosi. Baridi ya msimu wa kiangazi ilikuwa imeshaanza, ile ya Lubumbashi ambayo wageni kutoka Kinshasa hawaiamini mpaka waje bila koti, na nilikuwa nimejifunika blanketi huku vidole tu viko nje. Niliandika Lisp kidogo, lugha ya kuiamrisha Emacs, ya kusoma faili la kumbukumbu, kuchukua kimo na kina cha kila fomula, kugawanya, na kuipa Emacs asilimia yake. Mistari kama ishirini. Nikaifungua sura ya milinganyo.

Sehemu zilikaa. Mabano yalikaa. Nilifurahi kweli, nikamwita mke wangu aje aone, akaja. Lakini yeye ni fundi cherehani, macho yake yamefundishwa na pindo za nguo. Akatazama akasema, "Hizi x zako zimeinuka."

Zilikuwa zimeinuka. Kidogo sana, chini ya unene wa herufi i, lakini ukishaambiwa huwezi tena kutoziona. Nikachukua uzi kwenye kasha lake, mweusi, nikauvuta mbele ya kioo, mikono miwili, sawasawa na kwenye kibao. Maneno yote yalikaa kwenye uzi. Kila x ilikuwa na mwanya mwembamba wa mwanga chini yake. Na y pia, tumbo lake, kwa kiasi kidogo zaidi.

Ilinichukua hadi Jumapili jioni kujua sababu. Kifurushi cha preview hakikati picha kwenye ukingo wenyewe wa kisanduku. Kinaacha mpaka mwembamba pande zote nne, ili wino usikatwe. Na hakifichi. Kwenye faili la kumbukumbu kuna mstari wenye neno Tightpage na namba 32891 mara nne, mbili kati yake zikiwa na alama ya kutoa. Niliuona mara nyingi nikaupita kwa sababu sikuutafuta. Gawanya 32891 kwa 65536: ni nusu pointi. Nusu pointi juu, nusu pointi chini. Mimi nilikuwa nimeiambia Emacs kwamba picha ya x iko juu ya uzi kwa asilimia 100, wakati ile nusu pointi ya weupe chini yake ilitakiwa kuning'inia.

Ukiuhesabu mpaka huo, ambao kwenye Lisp yangu nimeuita b, hesabu inakuwa hivi:

(round (* 100 (/ (+ kimo b) (float (+ kimo kina b b)))))

x inashuka kutoka 100 hadi 91. Sehemu yangu inatoka 67 inakwenda 65. Nusu inatoka 71 inakwenda 69. Tazama kwamba x, iliyo fupi kuliko zote, ndiyo iliyoumia zaidi. Weupe wa nusu pointi si kitu kwenye kitu kirefu, lakini kwa mfupi ni sehemu ya kumi ya mwili wake. Nikauvuta uzi tena mbele ya kioo. Mwanya haukuwepo. Mke wangu alikuwa ameshalala, nikakaa nao peke yangu, nikiukunja na kuukunjua sura baada ya sura.

Jambo ninalolipenda katika njia hii ni kwamba asilimia haijali ukubwa. Ukikuza maandishi kwa ajili ya mwanafunzi aliyekaa nyuma, picha ikakua mara mbili, 65 inabaki 65. Udhaifu wake ni kwamba Emacs inataka namba kamili. Kwa picha yenye urefu wa pikseli 20 hutaona chochote, maana kosa la nusu asilimia ni sehemu ya kumi ya pikseli moja. Kwa matriki ya safu nane yenye pikseli 200, kosa linaweza kufika pikseli nzima. Matriki ya safu nane siiweki katikati ya sentensi. Naishusha kwenye mstari wake peke yake, na hapo hakuna jirani wa kulinganishwa naye.

Ikabaki simu, ambako kosa lilizaliwa. Kwenye HTML dawa ni hiyo hiyo ikiwa imevaa nguo nyingine: unaambia kila picha ishuke chini ya uzi kwa kina chake pamoja na mpaka. Kwa sehemu ya x juu ya 3 ni pointi 3.95, na kwa kuwa fonti ilikuwa ya 10 niliandika `vertical-align: -0.395em`, yaani shuka kwa karibu sehemu mbili za tano za ukubwa wa herufi, ukubwa wowote ule. Ukichungulia ndani ya ukurasa wa Wikipedia wenye hesabu utakuta kila picha ya fomula imebeba namba kama hiyo. Nimepita mbele ya namba hizo miaka yote nikisoma Wikipedia na sikujua ndizo zilizokuwa zinanifanya nisome bila kujikwaa.

Niliwatumia wanafunzi swali lile lile upya, bila kubadili namba, na 2 nikaiacha nje ya dola kwa makusudi. Nilitaka kujua kama kukaa kwenye uzi peke yake kunatosha. Wote 18 walileta kumi na mbili. Ni kweli walikuwa wameshasikia habari ya ile tisa, kwa hiyo sihesabu huo kuwa ushahidi. Lakini nilimwomba binti yule yule anisomee swali kwa sauti, akasoma: "Mbili, x juu ya tatu." Hakusema kipeo. Kisha akaniuliza kwa nini herufi za hesabu ni ndogo kuliko za maneno.

Swali hilo bado liko mezani kwangu. Simu zao nyingi ni za Android, na fonti yake ya kawaida, Roboto, ina x ndefu: 0.528 ya ukubwa wa fonti, wakati x ya TeX ni 0.431. Ukizilinganisha kwa em, yaani kwa ukubwa wa fonti, fonti mbili zinakuwa na ukubwa mmoja kwa jina tu. X ya fomula inakaa kando ya maneno kama mtoto kando ya watu wazima. Kuna kipimo kingine, ex, ambacho ndicho kimo cha herufi x ya fonti iliyopo, na Wikipedia inakitumia hicho. Nikibadilisha, sehemu yangu inakuwa na urefu wa 2.65ex na kushuka kwa 0.917ex, na x ya fomula inalingana kabisa na x ya maneno kwenye simu yoyote. Gharama yake ni herufi kubwa. Kila kitu kinakua kwa zaidi ya asilimia 20, na A ya pembetatu ABC inazidi A iliyoanza sentensi.

Nimeangalia maelezo yangu ya miezi mitatu. Kiswahili kinatumia herufi kubwa kwa nadra, mwanzo wa sentensi na majina, basi. Mbele ya fomula zangu karibu kila mara kuna "ya", "ni", "kwa", "hadi", na ndani ya fomula kuna x, y, a, n. Jiometria ndiyo peke yake inayolalamika. Nimechagua ex, na sura ya pembetatu nitaitazama tena kwa uzi kabla sijaituma.